Yule wa Herufi Kubwa

Kila asubuhi, kabla sijafungua duka, mimi hufungua simu, na kabla sijamaliza kusoma ujumbe wa tatu huwa tayari nimeshachefuka. Mtu ameandika, "Hi." Basi. Dakika kumi baadaye ameandika, "Kuna mtu?" Kuna watu mia saba na ushei humo ndani, ndugu yangu, sema unachotaka. Zinapita dakika nyingine ishirini ndipo anatoa siri yake: "Computer yangu imekataa." Imekataa nini? Imekataa kuwaka, imekataa kuzima, imekataa kuolewa? Hasemi. Anatuma picha ya skrini aliyopiga kwa simu, na katika picha hiyo naona mwanga wa taa, naona kidole gumba chake, naona kona ya kitambaa cha meza. Maandishi ambayo ningeyasoma nimsaidie ndiyo pekee hayamo.

Mimi ni Kanana Marete. Nina duka la kuchapisha na kutoa kopi mjini Embu, mlango wa pili kutoka kwa Latifah anayeuza vitambaa. Kundi letu la WhatsApp linaitwa Kompyuta Bila Hofu, na watu wake wengi wanatoka Embu, Mbeere na Meru. Wasimamizi tuko watatu. Mmoja hajaandika neno tangu mwaka juzi, na mwingine hutokea Krismasi kututumia picha ya malaika. Kwa hiyo niko peke yangu. Hakuna anayenilipa na hakuna aliyenituma, na hilo la pili ndilo huniudhi zaidi, maana sina wa kumlaumu.

Niliingiaje huko? Nilizaliwa Timau, kule ambako mtu anavaa sweta mbili kwenda kuchota maji. Baba alikuwa dereva wa trekta katika mashamba ya ngano, mama alipanga mboga kwenye maboksi ya kusafirishwa ng'ambo. Kompyuta niliiona kwa karibu mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na miwili, nilipopata kazi ya ukarani katika shule moja upande wa Manyatta. Nilionyeshwa mashine imefunikwa kitambaa cha kufuma, pembeni yake printa inayotafuna karatasi, na mwalimu mkuu akaniambia, "Haya, hiyo ni yako." Hakuna mtu shuleni aliyejua hata pa kuiwashia.

Nikaenda cyber, nikaingia kwenye jukwaa moja la mtandaoni, nikauliza swali la kijinga kuhusu printa. Mtu mmoja aliyejiita kwa jina la ndege akanijibu. Tuliandikiana wiki tatu. Alinifundisha kutoa karatasi iliyokwama, kuhifadhi faili, kutafuta faili niliyodhani imepotea. Kila ujumbe wake ulianza, "Habari za leo, Kanana," hata siku niliyouliza jambo lilelile kwa mara ya nne. Mpaka leo sijui alikuwa mwanamume au mwanamke, wala aliishi wapi. Nikaapa kwamba nikishajua, nami nitasaidia wengine bure. Kiapo cha msichana wa miaka ishirini na miwili! Kama ningejua wengine wenyewe ni akina nani, ningefunga mdomo.

Maana hawa watu wanachosha. Kuna anayetuma sauti ya dakika sita. Unaiweka sikioni, unasikia ng'ombe, unasikia mtu akiitwa aje anywe chai, unasikia habari za jirani aliyevunjika mguu, na kwenye dakika ya tano na nusu ndipo anataja laptopu, sauti inakatika. Kuna yule ukishamsaidia anafuta swali lake. Jibu lako linabaki pale peke yake kama umerukwa na akili, unamwambia mtu asiyeonekana abonyeze kitufe cha kulia. Kesho mwingine anauliza swali lilelile, kwa sababu la kwanza limefutwa. Na kuna wale ambao, uwaulize "Taa ya kijani inawaka?", wanajibu, "Naomba tu msaada."

Lakini kinachonitia kinyaa kuliko vyote ni Amen. Sijui nani aliianzisha. Mtu akituma tangazo la mazishi, wanajibu Amen, sawa. Akituma mstari wa Biblia, Amen, sawa. Lakini hawa hujibu Amen kwa kila kitu kirefu kuliko mistari mitatu, kwa sababu hawakisomi. Siku moja niliandika maelezo ya kulinda simu dhidi ya matapeli, aya nne, nikayapanga vizuri. Nikapata Amen thelathini na moja. Wiki hiyohiyo wawili kati ya hao thelathini na mmoja walitapeliwa, kwa njia ileile niliyoieleza katika aya ya pili.

Ndiyo maana nikaanza kuandika kifupi, na ndiyo maana nikaanza kutumia herufi kubwa. Ndogo hawazisomi. ZIMA. WASHA TENA. SOMA JUU. JIBU NILISHATOA JANA. Latifah alichungulia simu yangu siku moja akaniuliza, "Kanana, hapa unaandikia watu ama unafukuza kuku?"

Jina langu huko ni K. Marete, na picha yangu ni printa. Zamani niliweka jina zima na uso wangu, nikapata jumbe za faragha kumi na mbili kwa siku mbili, na mmoja tu ndio uliouliza kuhusu kompyuta. Zilizobaki zilitaka kujua kama nimeolewa. Nikabadilisha. Tangu hapo wananiita bro. "Asante bro." "Bro huyu ni mkali lakini anajua." Sikuwahi kuwasahihisha. Niliona afadhali.

Halafu yuko Munene. Munene anakaa Meru mjini, anauza kava za simu, na amejiita mtaalamu. Hajui kitu. Nasema hivyo bila chuki, ingawa chuki ninayo. Munene ana dawa moja kwa magonjwa yote: fomati, yaani futa kila kitu uanze upya. Laptopu nzito? Fomati. Simu imejaa? Fomati. Ungemwambia unaumwa na jino angekwambia ufomati. Na watu wanampenda ajabu, kwa sababu Munene hajawahi kumjibu mtu kabla ya kumsalimia, kumpa pole na kumbariki. Mimi nilidhani hayo ni mapambo tu.

Sasa hii ndiyo habari yenyewe. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tatu, saa nne kasoro asubuhi. Aliandika mtu ambaye hakuwa amewahi kuandika.

"Wanakikundi wote, wakubwa kwa wadogo, hamjambo? Mimi ni Mwalimu Nthiga, mstaafu, wa Kiritiri. Huku kwetu tunamshukuru Mungu ingawa mvua bado. Natumaini huko kwenu imenyesha. Wanangu, nina shida ya flash. Ndani yake mna maneno ya Kimbeere ambayo nimeyakusanya kwa wazee kwa miaka kumi na moja, yamefika elfu nne na mia tatu, na maana zake. Sina nakala nyingine. Leo nimeichomeka, inaniambia maneno haya mnayoyaona kwa picha. Nifanyeje?"

Na picha, kwa mara ya kwanza katika historia ya kundi lile, ilikuwa safi. Aliipiga wima, bila mwako wa taa, bila kidole. Niliona kila herufi. Skrini ilikuwa inamwambia kwamba hiyo flashi lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, na chini yake vitufe viwili: kimoja cha kukubali, kimoja cha kukataa.

Hali hiyo naijua. Mtu huchomoa flashi bila kuiaga, yaani bila kuiambia kompyuta kwanza, inachanganyikiwa, haijui tena vitu vyake viko wapi. Lakini vitu bado vimo, vyote. Ukikataa na kuichomoa, fundi mwenye subira anaweza kuvitoa hata baada ya mwezi. Ukikubali, umeanza kuvizika. Ukiweka vitu vipya juu yake, umemaliza.

Nikaandika haraka:

"USIGUSE KITU. BONYEZA CANCEL. TOA HIYO FLASH. USIIRUDISHE. ILETE EMBU."

Nikaona nimefanya kazi nzuri. Maneno kumi, hakuna mtu angeweza kuyakosea. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele yangu na programu ya mazishi, anataka kopi mia moja na hamsini kabla ya saa sita, na picha ya marehemu ilikuwa imetoka na uso wa kijani. Nikaweka simu kwenye droo nikashughulika na marehemu.

Nilipoitoa ilikuwa saa sita na nusu, na kulikuwa na jumbe arobaini na mbili. Nilianza kusoma kutoka juu.

Chini tu ya ujumbe wangu alikuwa Munene. "Mwalimu wetu mpendwa, habari ya asubuhi? Umeamkaje huko Kiritiri? Mvua itakuja kwa jina la Yesu. Pole sana kwa hiyo flash, najua inauma. Lakini hiyo ni kitu kidogo tu, usiwe na stress. Vile screen inakuuliza, wewe kubali, itajiclean yenyewe. Ikishamaliza weka kitu kubwa ndani ndio ujue kama imepona. Barikiwa sana mzee wetu."

Kisha Mwalimu Nthiga: "Asante sana mwanangu Munene. Mungu akuzidishie. Ngoja nijaribu."

Kisha Amen saba.

Kisha Mwalimu Nthiga tena, dakika arobaini baadaye: "Mwanangu Munene, nimefanya kama ulivyosema. Imefunguka, ni safi kabisa. Nimeweka video za kwaya yetu, zimeingia zote mpaka ikakaribia kujaa. Sasa, maneno yangu yatarudi saa ngapi?"

Na chini ya swali hilo, Amen ishirini na sita.

Nilikaa kwenye stuli. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma. Mzee anauliza kazi ya miaka kumi na moja itarudi saa ngapi, na watu ishirini na sita wanamjibu Amen, mmoja wao akiwa ameweka na ua.

Nikaandika, "MMEUA KAZI YA MTU." Nikaandika, "MWALIMU TOA HIYO FLASH SASA HIVI. USIWEKE KITU KINGINE. ILETE EMBU." Hakunijibu. Aliyejibu ni Munene: "Bro relax. Hii ni group ya kusaidiana sio ya kugombana. Mwalimu, mambo yatakuwa sawa, tuombe." Watu kumi na wanne wakampa kidole gumba. Mwingine akaongeza kwamba kuna wasimamizi wenye roho mbaya na inafaa tuwaombee pia. Nilirudisha simu kwenye droo kwa nguvu mpaka stepla ikaanguka. Siku ile na ya kesho yake sikumjibu mtu yeyote, na nilijiambia waungue.

Alhamisi, kama saa tatu asubuhi, Latifah alikuwa ameniletea chai, ameegemea meza yangu, tunasema watu. Mzee akaingia. Mrefu, koti la suti juu ya sweta, viatu vimefutwa vumbi pale mlangoni kabla ya kuingia. Hakuja mezani moja kwa moja. Alimsalimia mhudumu wa hoteli ya jirani aliyekuwa akingojea kopi ya kitambulisho, akamuuliza anatoka wapi na huko wameamkaje. Akamsalimia Latifah, akamuuliza biashara. Kisha akafika kwangu.

"Hujambo binti yangu?"

"Sijambo, mzee. Karibu."

"Umeamka vizuri? Na nyumbani?"

"Vizuri."

"Kwenu ni hapa?"

"Hapana, kwetu ni Timau."

"Aah, Mmeru! Muga!" akasema kwa salamu ya Kimeru, akacheka matamshi yake mwenyewe. "Hiyo baridi ya huko niliionja mara moja, 1987, tulipeleka watoto mashindano ya riadha. Hawakukimbia, walitetemeka tu."

Tukacheka. Ndipo alipoingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa cha mkono, ndani ya kitambaa kiberiti, ndani ya kiberiti flashi. Akaiweka juu ya meza kwa vidole viwili.

"Mimi ni Mwalimu Nthiga, natoka Kiritiri," akasema. "Mama mmoja wa kanisa letu ulimchapishia programu juzi. Amesema wewe ni mtu wa kusaidia."

Chai ilinipalia. Latifah alinipiga mgongoni huku akinitazama, maana Jumanne nilimsimulia mambo yote, kwa sauti ya juu, na mengine yasiyoandikika.

Mzee akaeleza habari yote tangu mwanzo, pole pole, nami sikumkatiza, ingawa niliijua. Zamani maneno yake alikuwa akiyaandika kwenye madaftari. Mchwa wakala madaftari mawili kwa msimu mmoja, kwa hiyo mwanawe akamnunulia flashi, akamwambia hii mchwa hawaiwezi. Laptopu ni ya parokia, anaazimwa Jumanne na Ijumaa, ndiyo maana hakuwahi kuacha kitu ndani yake. Alifika kwenye mambo ya kundi. Nikasubiri.

"Huko nikasaidiwa na kijana anaitwa Munene. Kijana mzuri sana. Lakini nadhani kuna mahali sikumwelewa, maana maneno hayajarudi."

Nikamuuliza, "Hakukuwa na mwingine aliyekwambia jambo tofauti?"

"Alikuwepo." Uso wake ukabadilika kidogo. Akatoa simu, akaipekua kwa kidole kimoja, akanigeuzia. Ni ujumbe wangu. "Huyu hapa. Marete. Ona binti yangu, ona mwenyewe. Usiguse! Toa! Mtu hata hajaniamkua. Mimi nimefundisha miaka thelathini na minne, hata mtoto wa darasa la kwanza sikumwandikia hivyo ubaoni."

"Labda alikuwa na haraka," nikasema.

"Haraka gani ya kumshinda mtu kusema hujambo? Nilidhani ananifukuza. Nilidhani ananiambia hiki kikundi si cha wazee, toa flash yako uende." Akairudisha simu mfukoni. "Munene alinisalimia, akaniuliza mvua. Sasa kati ya hao wawili, wewe ungemfuata nani?"

Latifah alikuwa anatazama dari. Mhudumu wa hoteli alichukua kopi yake akaenda. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifungua mdomo kabisa, nikaona yale macho yake yametulia kwangu kwa imani, nikasema, "Nipe hiyo flash, Mwalimu. Tutajaribu."

Nilifunga mlango nusu. Nina programu ya kufukua mafaili yaliyofutwa, inakwenda taratibu, inakagua flashi kipande kwa kipande. Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia kwenye goti. Mimi nilikaa naye, nikijifanya natazama mashine.

Ilianza kutoa. Video ya kwaya. Video ya kwaya. Kwaya wakiwa kwenye jiwe, kwaya wakiwa kando ya mto, kwaya wamevaa njano. Mafaili thelathini na nane, na yote yalikuwa yamelalia pale pale ambapo maneno yake yalikuwa. Kila moja ilipojitokeza mzee aliinuka kidogo kitini, akaona ni kwaya, akakaa. Ningeweza kumpigia Munene simu wakati ule nikamwambia mambo ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Na kila nilipoanza kuyapanga kichwani, nilikumbuka kwamba maneno sahihi yalikuwa yangu, na yalifika kwanza, na mzee aliyasoma.

"Wazee waliokupa hayo maneno," nikamuuliza ili nisinyamaze, "bado wako?"

"Wawili," akasema. "Mmoja hasikii tena."

Saa saba mchana mashine ikatoa faili ambayo haikuwa kwaya. Ilikuwa nakala ya zamani, ya aina ambayo kompyuta hujiwekea yenyewe wakati mtu anaandika, imebaki kwenye kona ya flashi ambayo video hazikufika. Nikaifungua. Ilikuwa ya mwaka wake wa pili. Maneno mia sita na kumi na mawili.

Mzee alivaa miwani akasogea. Alisoma la kwanza, la pili, la tatu, midomo ikicheza. "Haya ni ya mzee Mugendi," akasema. "Majina ya mbuzi kwa rangi zao. Tulikaa chini ya ghala lake siku mbili, mkewe akatupikia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa." Akateremka, akateremka, akafika mwisho haraka kuliko alivyotarajia. Alibonyeza kitufe cha kushuka mara mbili zaidi. Hakukuwa na kitu.

"Ya mizinga ya nyuki hayamo," akasema.

"Hayamo, Mwalimu."

"Na yale ya kina mama, ya kujifungua na kulea? Hayo nilimtuma marehemu mke wangu akaulize, mimi wasingeniambia."

"Hii ndiyo yote iliyobaki. Nimeshajaribu kila kitu."

Alivua miwani, akaifuta kwa kile kitambaa cha flashi kwa muda mrefu. Nilimchapishia kurasa zote, nikazipiga stepla, nikaweka nakala kwenye mashine yangu, nikamnunulia kwa Latifah bahasha ya kitambaa, nikamfungulia barua pepe na kuituma faili humo. Nikamwonyesha jinsi ya kuchomoa flashi. Alisahau, nikamwonyesha tena. Mara ya tatu alibonyeza pasipofaa, nikasema, "Hakuna shida Mwalimu, turudi mwanzo." Latifah, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinitazama kama mtu anayeona paka akisoma gazeti.

Mzee alipoaga alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Unaitwa nani, binti yangu? Nikimaliza kitabu nataka jina lako mbele."

"Kanana."

"Kanana wa nani?"

Huku kwetu hilo ni swali la kawaida, kila mtu huulizwa. Jibu lilikuwa neno moja, na neno hilo lilikuwa kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwake.

"Kanana tu, Mwalimu," nikasema. "Kanana wa duka la kopi."

Akaridhika. Akamuaga Latifah pia, akamtakia mvua. Alipotoka, Latifah alikaa kwenye kile kiti, akaniambia, "Wewe ni mwoga sana." Nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa amesema ukweli.

Saa kumi na moja jioni, nikiwa nafagia, simu ikalia. Alikuwa ameandika kwenye kundi.

"Wanakikundi wote, wakubwa kwa wadogo, hamjambo? Nimefika nyumbani Kiritiri salama. Mvua bado. Kati ya maneno yangu elfu nne na mia tatu nimepata mia sita na kumi na mawili, namshukuru Mungu kwa hayo. Asante mwanangu Munene kwa moyo wako. Nawajulisha kwamba Embu mjini kuna binti anaitwa Kanana, wa duka la kopi. Alikaa nami tangu saa tatu hadi saa nane, alinieleza jambo moja mara tatu bila kunikaripia. Mwenye shida aende kwake. Na kwa upendo namwomba ndugu yetu K. Marete, ambaye naona anajua mengi: siku ukipita Embu, ingia kwa huyo binti, ukae naye hata saa moja, ujifunze jinsi ya kuongea na watu. Ungeniamkua, ningekusikiliza."

Amen zikaanza kuteremka. Munene akaandika, "Barikiwa Mwalimu, nilijua tu itapona," na wakampa vidole gumba. Amen kumi, ishirini, thelathini. Nilizitazama kwa kinyaa kilekile cha siku zote, safari hii kikiwa hakina pa kwenda. Kisha Mwalimu Nthiga akaandika tena: "Ndugu Marete, umeuona ujumbe wangu?"

Niliegemeza ufagio ukutani. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikafuta. Nikaandika aya nzima ya kueleza kila kitu, nikafuta hiyo pia. Mwishowe nikaandika, "Habari za jioni, Mwalimu," nikakwama hapo, maana sikuwa na kingine cha kumpa. Nikaongeza Amen, nikatuma.